Kilema na Kovu

Theluji imefika usawa wa kitasa, na bado amekuja
Lempi Kangas, na viatu vyake vya mpira,
na leso iliyofungwa mafundo mawili.
Ndani ya fundo, senti moja.
"Reino aliniambia hii ndiyo paa letu," anasema.
Paa lao linavuja tangu Machi ya mwaka juzi.

Hapa Hancock kila nyumba ina senti ya namna hiyo.
Mji ulichimba shaba hata ukajichimbia chini,
migodi ikafungwa, wanaume wakabaki na mitungi
ya chenji juu ya jokofu,
wakiamini shaba haijamaliza kuwalipa.

Naiweka kwenye mizani. Gramu tatu na ushee.
Haikupungua. Moyo wangu, nakiri, unaruka kidogo.
Kisha nashusha lenzi.

Ukingo umevimba, umejiviringisha ndani
kama pindo la suruali lililoshonwa na mtu asiye na haraka.
Maandishi yamebanana chini ya pindo hilo,
yanachungulia.

Nikuambie kwanza ninachokitafuta, mama,
kabla sijakuambia nilichokiona.
Kosa la mtambo hutokea mara moja,
kufumba na kufumbua, muhuri ukishukia kibati.
Kibati kikiwa kimemegeka upande huu
ukingo wa ng'ambo ya pili nao hufifia,
maana wakati wa kubanwa hapakuwa na cha kuusukuma.
Hapo ndipo mwongo hunaswa: mwenye mkasi
hukata upande mmoja
asikumbuke kuuhuzunisha ule mwingine.
Herufi iliyozaliwa pacha imepasuka nchani, kama kwato ya mbuzi;
iliyoburutwa tu huacha ngazi bapa, ya kuteleza.
Na mkwaruzo? Mkwaruzo huacha tuta.
Shaba haipotei. Ukiifukuza hapa
hujikunja pale pembeni, ikangoja.

"Na hii?"

Nyuma ya kaunta kuna kioo. Nauona mdomo wangu,
uliopasuka kabla sijalia kilio cha kwanza,
na kidole gumba nilichokikata kwa kopo la samaki
nikiwa na miaka tisa.
Kimoja kilema, kingine kovu.
Katika biashara yangu hii ya ajabu
watu hulipia kilema.
Kovu hawalitaki hata bure.

"Hii imezungushwa," nasema. "Miaka.
Ilichoropoka mfukoni, ikanasa kati ya pipa na ukuta
wa mashine kubwa ya kukaushia nguo,
ikagongwa na kugongwa, kidogo kidogo,
hata ukingo ukakunjamana."

Ananyamaza. Maji yanachuruzika kutoka kwenye viatu vyake
mpaka chini ya kabati la vioo.

"Mashine yenye mlango wa buluu?"
"Sijui rangi ya mlango, mama."
"Mimi najua."

Miaka kumi na tisa alikunja mashuka ya hospitali
kwenye chumba kile chenye mvuke,
na kila jioni kitu kililia ndani: tak, tak, tak.
Walidhani ni kifungo.
Walipofunga kazi, fundi aliyekuja kuifungua mashine
alikuwa Reino.

"Aliniambia aliipata benki," anasema.
Anacheka. Halafu hacheki.

Sina la kusema. La kuvunda halina ubani,
lakini hili halijavunda, wala sijui ni nini.
Pengine alijua. Pengine mtu akirudia neno
juu ya meza ileile ya jikoni
hulisahau lilikotoka.

Anaomba lenzi. Anaangalia kwa muda mrefu,
jicho moja limefumbwa, ulimi nje kidogo kama mwanafunzi.
"Mzee bado ana ndevu," anasema.
"Anazo."
"Thamani yake?"
"Senti moja."

Anaifunga tena, mafundo matatu safari hii,
ananishukuru, anaufunga mlango kwa bega.
Nje theluji inaanza upya.
Najaribu kukumbuka
kama lile turubai langu bado liko stoo.